Safari ya mbuga kwa mwenye ulemavu: usipokee "hakuna shida", uliza sentimita

Kila mwaka, karibu na mwezi wa saba, familia nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira zinajipanga kukutana na ndugu wanaotoka Ubelgiji, Ufaransa, Kanada ao Marekani. Vita vimefanya makutano hayo yahamie ngambo ya mpaka: Kigali, Kampala, Arusha, Nairobi. Na kwa kuwa watu wamekusanyika, watoto wanaomba kwenda kuona simba na tembo. Hapo swali linatokea. Papa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu itakuwa namna gani? Na yaya aliyepata polio akiwa mtoto, anayetembea na magongo? Mara nyingi familia inamwacha hotelini na simu mkononi, jioni analetewa picha.

Familia ikijaribu kufanya vizuri zaidi, inaandikia ajansi ya safari na kuuliza kama mwenye ulemavu anaweza kwenda. Jibu linarudi haraka: hakuna shida. Maneno hayo mawili yamewagharimu watu wengi feza na machozi. Aliyeyaandika hakudanganya kwa makusudi. Yeye anafikiri vijana wawili wenye nguvu watamnyanyua mgeni, na kweli watamnyanyua. Ila hakufikiri mlango wa choo, kitanda kilichoinuka sana, ngazi saba za kuingia kwenye hema, wala mchanga kati ya hema na chumba cha kulia.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, ndiyo kusema mtu mmoja kati ya sita. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki zao, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unataja katika kifungu cha 30 burudani, michezo na pahali pa utalii. Sheria yetu yenyewe ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za mtu anayeishi na ulemavu. Kwa hiyo mama mwenye magongo anayetaka kuona kiboko haombi upendeleo.

Ndani ya gari wote wanakaa

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii kabla ya kumwambia mtu abaki nyumbani. Katika sehemu kubwa ya mbuga za Tanzania, Kenya, Uganda na Afrika ya Kusini, mgeni haruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo. Bilionea, mwanariadha na mtoto wa shule, wote wanaangalia wanyama wakiwa wamekaa. Mbele ya simba, anayekimbia na asiyeweza kusimama wako sawasawa kabisa. Kazi ngumu iko kabla ya gari na baada ya gari: kupanda, kushuka, kulala, kuoga, kwenda chooni. Hapo ndipo safari inafaulu ao inaharibika, na hapo ndipo maswali yote yanapaswa kuelekezwa.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama pahali "panafaa", omba vipimo. Mlango wa chumba una sentimita ngapi, na mlango wa choo je? Kwa kiti cha kawaida, nafasi wazi ya sentimita 80 inatosha. Mahoteli mengi yana mlango mzuri wa chumba na mlango mwembamba wa choo, na ni huo mwembamba unaoamua. Ndani ya choo, kiti kinahitaji karibu mita moja na nusu ili kigeuke. Kitanda kina urefu gani kutoka sakafuni? Kikiwa juu sana kuliko kiti, mtu hawezi kujivuta peke yake. Pahali pa kuoga pana ukingo? Kati ya mapokezi na chumba kuna ngazi ngapi, na njia ni ya saruji, ya mbao ao ya changarawe? Omba picha zilizopigwa siku hiyo kwa simu, mita ya fundi ikiwa imewekwa mlangoni. Picha za matangazo zinaonyesha machweo na glasi za mvinyo, ngazi hazionekani.

Mwenye hoteli akikasirikia maswali hayo, tayari amekujibu. Akituma kijana na mita, hata kama vipimo havikupendezi, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi: anaweza kukata miguu ya kitanda, kuondoa mlango na kuweka pazia, ao kupiga mbao mbili kuwa njia ya mteremko. Fundi wa mbao wa mtaani anamaliza kazi hiyo mbele ya saa sita.

Gari, barabara na ngozi

Gari la safari katika Afrika ya Mashariki karibu daima ni Land Cruiser iliyorefushwa, yenye paa linaloinuka. Ni gari zuri kwa mashimo na baya kwa kupanda, maana sakafu yake iko juu. Kuna kampuni chache zenye gari lililowekwa mashine ya kunyanyua kiti ao mteremko wa chuma. Lazima kuliuliza mapema sana, maana mara nyingi kampuni ina moja tu. Bila hilo, mtu atabebwa. Kama atabebwa, ni yeye anayefundisha namna ya kubebwa: nani ashike wapi, nani ahesabu. Wazoefu wanataka watu walewale wawili kwa safari nzima. Kubadilisha wabebaji kila kituo ndiko kunaleta maanguko.

Madereva wa upande huu wanapenda kutania wageni kwamba barabara mbovu ni masaji ya bure. Kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo na asiyesikia sehemu ya chini ya mwili, utani huo una hatari. Kurukaruka saa sita juu ya kiti kigumu kunaleta kidonda cha kukalia, na kidonda hicho kinaweza kumlaza mtu miezi. Yeye hatasikia maumivu. Ataona tu damu usiku. Mto wake wa kila siku uingie ndani ya gari, usifungiwe pamoja na mizigo. Ajinyanyue ao anyanyuliwe kila nusu saa. Safari ya siku moja yenye kilomita 300 igawanywe kwa siku mbili, hata kama programu ya ajansi itakuwa na mbuga moja pungufu. Na kila jioni mtu amwangalie ngozi kwa taa.

Tena kuna joto. Aliyeumia juu katika uti wa mgongo hatoi jasho vizuri chini ya pale alipoumia, kwa hiyo mwili wake unapata moto kama injini isiyo na maji. Chupa ya kunyunyizia maji na kitambaa chenye maji shingoni vinamsaidia kuliko feni. Miiba ya migunga, nayo, inatoboa magurudumu ya kiti kwa siku moja. Wanaosukuma kiti juu ya mawe ya lava ya Goma wanajua kazi ya viraka. Wachukue mpira wa ndani wa akiba na pampu, ao waweke magurudumu magumu yasiyo na hewa.

Wapi kuanzia

Kwa mkaaji wa Beni ao Butembo, mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda iko karibu kuliko anavyofikiri. Ukivuka mpaka wa Kasindi na Mpondwe unaelekea Katunguru, kwenye mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, lile lile ziwa la wavuvi wetu wa Vitshumbi na Kyavinyonge. Mashua inatembea kama saa mbili, na viboko, nyati, tembo na ndege wanakuja wenyewe ukingoni kunywa. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, mashua inashinda gari: hakuna mashimo, na mnyama yuko kwenye usawa wa macho. Maswali ya kuuliza ni mawili tu: mteremko wa kufika gatini uko namna gani, na mlango wa mashua una upana gani.

Mbuga ya Akagera nchini Rwanda ina faida ya barabara, maana kutoka Gisenyi hadi Kigali ni lami, na kutoka Kigali ni mwendo wa karibu saa mbili na nusu. Simba walirudishwa huko mwaka 2015, vifaru weusi mwaka 2017. Nako kuna mashua, kwenye ziwa Ihema.

Ngorongoro, Tanzania, ni pahali pa kuogopa kidogo na kupenda sana. Ukingo wa shimo lile la volkano uko kwenye zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na chini ni kama mita 600. Barabara ya kushuka ni kali, asubuhi kuna baridi kweli, na mwenye taabu ya mapafu ao moyo aongee na daktari wake kwanza. Lakini kwa sababu wanyama wamejaa pahali padogo, siku moja inatosha, na mtu haumii mgongo akitafuta tembo kutoka asubuhi hadi jioni. Asiyeweza kushuka bado anaona shimo lote akiwa ukingoni.

Kwa mwenye uwezo wa kupanda ndege hadi Johannesburg, Kruger bado ni shule ya wengine wote. Mbuga hiyo ina karibu kilomita za mraba 20,000, barabara zake kubwa ni za lami, na unaingia na gari lako dogo la kawaida, hata lile la kuendesha kwa mikono. Kambi kadhaa za serikali, kama Skukuza na Lower Sabie, zina nyumba zilizojengwa kwa wenye viti vya magurudumu, na idara ya mbuga inatangaza vyumba hivyo waziwazi. Kwenye kambi ya Berg-en-Dal kuna njia pembeni ya uzio yenye maandishi ya Braille kwa wasioona. Hakuna anayembeba mtu. Anakodi gari, anaendesha, anasimama akitaka. Feza za tiketi ni nyingi, lakini kule familia hailipi wabebaji, gari maalumu wala dereva, na hesabu ya mwisho mara nyingine inashangaza.

Masokwe na tipoyi

Swali ambalo wageni wanauliza zaidi ni hili: asiyetembea anaweza kuwaona masokwe wa milimani? Anaweza. Katika Bwindi, Uganda, na vilevile upande wa Rwanda, kuna wabebaji wanaomkalisha mtu kwenye kiti chenye miti miwili na kumpandisha mlimani kwa zamu. Wauganda wanaoongoza wageni wanakiita kwa mzaha helikopta. Sisi tuna jina la zamani zaidi: tipoyi.

Jina hilo lina uzito kwetu. Wazee wetu walibeba maofisa wa Wabelgiji kwenye tipoyi, kwa nguvu, njia ndefu, bila malipo ya maana, na picha za siku zile bado ziko. Kuna Wakongomani wenye ulemavu wanaokataa kabisa kukaa juu yake kwa sababu hiyo, na kuna wengine wanaosema: miaka yote nimebebwa mgongoni na kaka zangu, kwa nini nione haya leo kubebwa na mtu anayelipwa? Wote wawili wana haki yao. Tofauti iko kwenye malipo. Leo wabebaji ni wakaaji wa vijiji vya pembeni ya msitu, wamejipanga kwa vikundi, na siku ya tipoyi ni siku nzuri kwao. Uliza ajansi kiasi gani kinafika mkononi mwa kila mbebaji. Isipojua, beba bakshishi yako pembeni na umpe kila mmoja mwenyewe.

Bei ya tipoyi inahesabiwa mbali na kibali, na inafika mamia ya dola kwa kuwa watu wanaozunguka zamu ni wengi, kumi na zaidi. Kibali cha mgeni wa mbali ni dola 1,500 Rwanda na dola 800 Uganda. Mambo matatu yasemwe wakati wa kuomba kibali, yasingoje asubuhi ya siku yenyewe: uzito wa mtu, kama anaweza kujishika na mikono, na kama anaweza kukaa wima kwenye mteremko bila mkanda. Ukisema mapema, wakuu wa mbuga wanaweza kukuweka kwenye kundi la masokwe waliolala karibu. Masharti mengine ni ya wote: miaka 15 kwenda juu, watu wasiozidi wanane kwa kundi, saa moja tu mbele ya masokwe, na mwenye kikohozi ao mafua anarudishwa, tipoyi ao bila tipoyi.

Ndege

Viwanja vya ndege vina herufi zao, na kuzijua kunaondoa mabishano. WCHR ni mtu anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kutembea kabisa, lazima afikishwe hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege. Omba herufi yako iandikwe kwenye tiketi saa 48 kabla, na siku ya kusafiri angalia kama imeandikwa. Mwenye kiti cha umeme aseme aina ya batri: batri ya lithiamu inayotolewa inasafiri na mtu ndani, kwa kawaida isizidi wati-saa 300, na rubani lazima ajulishwe.

Kisha kuna ndege ndogo za mbugani, zenye viti kumi na viwili hivi. Zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, begi laini, na zina ngazi nyembamba. Kiti cha umeme mara nyingi hakiingii. Wanaojua wanaacha kiti cha umeme Nairobi ao Arusha na kuchukua kile cha kukunja.

Wasiosikia, wasioona, wenye ualbino

Ajansi nyingi zikisikia "ulemavu" zinafikiri magurudumu tu. Asiyesikia hana shida ya ngazi; shida yake ni kiongozi anayeongea huku ameangalia mbele na kushika usukani. Akae kiti cha mbele, gari lisimame kwanza ndipo kiongozi aeleze, na usiku wakubaliane alama ya taa kwa hatari. Lugha za alama za Kongo, Kenya, Uganda na Tanzania hazifanani zote, ijapokuwa alama nyingi za Marekani zilienea Afrika kupitia shule za Andrew Foster, mwalimu asiyesikia aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na Gisenyi mwaka 1987. Kwa hiyo usikodi mkalimani kabla hajaongea na msafiri kwa video.

Asiyeona, naye, anapata safari ambayo sisi tunaopiga picha tunaikosa. Kiboko anacheka usiku, tembo anavunja matawi, harufu ya nyati inafika kabla yake. Anachohitaji ni kiongozi mwenye mdomo, asiyeogopa kueleza, na hema lisilo mbali.

Kwa mwenye ualbino, gari la wazi na mashua mchana ni moto mtupu. Atoke saa kumi na mbili asubuhi, arudi saa nne, atoke tena saa kumi. Bahati nzuri, hizo ndizo saa za simba. Darubini nyepesi inamsaidia sana asiyeona mbali.

Karatasi

Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu Julai 2022, na mbuga nyingi za inchi hizo zina bei ya chini sana kwa raia wa jumuiya. Uliza kwa maandishi kama bei hiyo inamhusu Mkongomani, chapa jibu, na ulibebe hadi mlangoni. Mpwa mwenye pasipoti ya Ubelgiji atalipa bei ya mgeni, na ugomvi wa familia juu ya hilo ufanyike nyumbani kabla ya kuondoka.

Bima isomwe yote, hasa pale inaposema "ugonjwa uliokuwepo kabla". Bima nyingi zinakataa kulipia kidonda ao maambukizo ya mkojo kwa maneno hayo. Dawa zibaki kwenye paketi zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kifaransa na Kiingereza. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe. Na kwa anayetumia mipira ya mkojo ao nepi za wakubwa: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Panga vitu hivyo kwenye mifuko ya kitambaa, ili forodha isikumwagie siri zako mezani mbele ya watu.

Na kwetu je?

Virunga ni mbuga ya zamani kuliko zote za Afrika, tangu 1925. Kahuzi-Biega ina masokwe wa Grauer, wanaoishi mashariki mwa Kongo peke yake. Leo vita vinazuia wageni, na hakuna anayejua tarehe ya kufungua tena. Lakini viongozi wa watalii wasio na kazi sasa wana muda, na mita ya fundi inauzwa sokoni. Na wako watu wa kuwauliza: wale wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovuka Petite Barrière asubuhi na trisikle zilizojaa mizigo wanajua mteremko upi unapitika, gurudumu lipi linadumu, na namna ya kumwambia mtu "shika hapa, usishike pale". Ajansi itakayofungua mlango wake Goma siku ya amani ingefaa ianze kwa kumlipa mmoja wao siku mbili, aingie kila chumba, aseme ni wapi amekwama.

Kwa anayesafiri mwaka huu: miezi ya ukavu ni Juni hadi Septemba, vyumba vyenye milango mipana ni vichache, na vinaisha kwanza. Barua ya kuomba vipimo itumwe miezi sita mbele.